Trela iliyotulia wakati wa kwenda ikayumba wakati wa kurudi: uchambuzi wa safari moja ya kambi kando ya ziwa

Familia ya watu sita, yaani baba, mama, bibi na watoto watatu, ilivuta trela ya kulala mpaka ufukoni mwa ziwa kubwa, ikapiga kambi kwa siku kadhaa, kisha ikafunga virago na kurudi kwa barabara ileile. Wakati wa kwenda, trela ilifuata gari kwa utulivu kwa mwendo wa kilomita 95 kwa saa. Wakati wa kurudi, dereva akiwa yuleyule na mwendo uleule, ilianza kuyumba kwenye mteremko mrefu unaopakana na maji. Ikazidi kuyumba mpaka tairi zake zikavuka mstari wa katikati ya barabara.

Hakuna aliyeumia na hakuna kilichovunjika. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa: wote waliokuwemo wanaweza kusimulia, na mzigo ulibaki mahali pake, ukaweza kupimwa. Ajali nyingi za aina hii huishia trela ikiwa imelala ubavu na vitu vimetawanyika, na baada ya hapo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kitu gani kilikuwa wapi. Vipimo nitakavyovitaja nimevifanya kuwa namba kamili ili msomaji afuate hesabu bila kalamu.

Walipofanikiwa kusimama pembeni, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alilaumu basi lililowapita kwa kasi. Mama alilaumu upepo uliotoka ziwani, kwa sababu alihisi gari likisukumwa sekunde chache kabla ya basi kufika. Bibi alisema jambo ambalo halikuonekana kuhusiana na barabara hata kidogo: "Mwanangu, asubuhi mliinyanyua hii trela kwa mikono. Siku ile ya kuja mbona ilihitaji jeki?"

Basi lilikuwepo na upepo ulikuwepo. Lakini bibi ndiye aliyegusa chanzo, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu ni kueleza kwa nini.

Uzito wa shingo

Trela ya aina hii ina ekseli moja, yaani mhimili unaoshika tairi zake, na mbele yake kuna shingo ya chuma inayokaa juu ya tufe lililofungwa nyuma ya gari. Uzito wa trela hugawanyika sehemu mbili: sehemu kubwa hubebwa na tairi zake, na sehemu ndogo hulikandamiza gari kupitia shingo. Hiyo sehemu ndogo nitaiita uzito wa shingo.

Marekani, ushauri uliozoeleka kwa trela za kulala ni kwamba uzito wa shingo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Uingereza husikika asilimia 5 hadi 7. Tofauti hiyo huwachanganya watu, na wengine huichukulia kuwa ruhusa ya kuchagua namba inayowafaa. Siyo. Magari ya Ulaya na viungo vyake vya kufungia trela kwa kawaida huruhusiwa kubeba uzito mdogo zaidi wa shingo, na mwendo wa kuvuta trela nao hudhibitiwa kwa namna tofauti. Ujerumani, kwa mfano, kikomo cha kawaida cha gari dogo lenye trela ni kilomita 80 kwa saa, na wanaoruhusiwa kwenda 100 ni wale tu waliotimiza masharti maalumu. Namba ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye kibati cha gari lako, cha kiungo chako na cha trela yako, na kati ya hizo tatu ile ndogo ndiyo inayotawala.

Familia yetu ilianza safari vizuri. Trela iliyopakiwa ilikuwa na kilo 1,500. Kutoka kwenye tufe mpaka kwenye ekseli kulikuwa na mita 4. Uzito wa shingo ulikuwa kilo 170, sawa na asilimia 11 na ushei. Baba alikuwa ameupima, na hilo linamstahilia heshima, maana wengi hawapimi kabisa. Kilo 170 hazinyanyuliwi na mtu na mwanawe. Zilihitaji jeki.

Ziwa lilivyohamisha mzigo

Mambo manne yalitokea kambini. Kila moja lilikuwa na sababu nzuri. Nasisitiza hili kwa sababu si haki kusema familia hii ilikuwa ya wazembe. Walikuwa waangalifu, na uangalifu wenyewe ndio uliohamisha sehemu ya mzigo.

Jambo la kwanza halikuamuliwa na mtu yeyote. Kwenye sanduku la mbele la trela, mita 3 mbele ya ekseli, kulikuwa na madumu ya maji ya kunywa, mkaa na vyakula, jumla kilo 60. Siku za kambi zilivimaliza. Kilo 60 zilizo mita 3 mbele ya ekseli, tufe likiwa mita 4 mbele yake, huchangia robo tatu ya uzito wake kwenye shingo, yaani kilo 45. Zikiliwa, kilo 45 zimetoweka kwenye shingo.

Jambo la pili lililetwa na maji. Walikuwa wameegesha trela ikiielekea pwani ya ziwa, karibu kuliko inavyofaa, kwa sababu mandhari ilipendeza na siku hiyo maji yalikuwa yametulia. Usiku mmoja upepo ulivuma kutoka ng'ambo bila kukoma, na asubuhi walikuta mawimbi madogo yanalamba sehemu ya mbele ya trela. Maziwa makubwa hufanya hivyo. Upepo unaovuma muda mrefu upande mmoja husukuma maji na kuyarundika upande wa pili. Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada, upepo mkali wa kusini-magharibi umewahi kuinua maji upande wa Buffalo kwa zaidi ya mita mbili. Kwao yalipanda kiasi cha kiganja, lakini yalitosha kuwafanya watoe kwenye sanduku la mbele kila kisichotakiwa kulowa: kisanduku cha vifaa, kamba, vigingi vya chuma, nyaya. Jumla kilo 40. Wakavipeleka kabati la nyuma, mita moja na nusu nyuma ya ekseli. Hawakuvirudisha. Kuviondoa mbele kulipunguza shingo kilo 30, na kuviweka nyuma kukapunguza kilo 15 nyingine. Jumla 45.

Hapa ndipo watu wengi huteleza kimahesabu. Hufikiri kuwa mzigo uliohamishwa ndani ya trela haujabadilisha chochote, kwa kuwa trela ni ileile na vitu ni vilevile. Kumbe kitu kikivuka ekseli kutoka mbele kwenda nyuma, kinapunguza uzito wa shingo mara mbili: kwanza kwa kuondoka, kisha kwa kufika.

La tatu ni tenki la maji safi. Njiani walipanga kulala usiku mmoja kwenye ufuko usio na bomba, kwa hiyo mama alijaza lita 80 kabla ya kuondoka. Wakati wa kwenda tenki lilikuwa tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tenki la trela hii liko mita 1 nyuma ya ekseli. Kilo 20 zikapungua kwenye shingo.

La nne ni baiskeli. Zilikuja juu ya keria ya gari. Siku ya kurudi keria ilikuwa imechukuliwa na mashua ya kujaza upepo, ambayo ilikuwa bado inachuruzika maji na hakuna aliyetaka kuiingiza ndani. Baiskeli pamoja na turubai lililolowa, kilo 40 kwa ujumla, zikafungwa kwenye fremu iliyo nyuma kabisa ya trela, mita mbili na nusu kutoka ekseli. Kilo 25 zikaondoka kwenye shingo.

Jumlisha: 45, 45, 20 na 25 ni 135. Uzito wa shingo ulishuka kutoka kilo 170 hadi 35. Trela yenyewe ilikuwa imeongezeka kilo 60 tu, kutoka 1,500 hadi 1,560. Mtu angeipitisha kwenye mizani ya magari na kuona uzito wote, angesema hakuna lililoharibika. Lakini uwiano ulikuwa umeshuka kutoka zaidi ya asilimia 11 hadi asilimia 2 na kidogo.

Na tairi za trela? Mwanzoni zilibeba kilo 1,330. Sasa zilibeba 1,525. Trela imeongezewa kilo 60, tairi zake zimeongezewa 195, kwa sababu uzito ulioacha kulikandamiza gari haukupotea, ulihamia kwenye ekseli. Kwa trela ambayo tairi zake zinakaribia ukomo wa uwezo wao, tofauti hiyo peke yake inaweza kupasua tairi siku ya joto.

Ushahidi uliopuuzwa

Asubuhi ya kuondoka, baba alitaka kutumia jeki ya shingo kama kawaida. Mchanga ulikuwa laini, na mguu wa jeki ukawa unazama. Badala ya kutafuta ubao wa kuweka chini yake, alimwita mwanawe mkubwa, wakashika shingo, wakainyanyua, wakaitua juu ya tufe. Kazi iliyokuwa ngumu siku ya kwanza ilimalizika kwa pumzi moja. Walifurahi.

Nimeirudia sehemu hii ya masimulizi yao mara nyingi, kwa sababu kila walichohitaji kujua kilikuwa mikononi mwao wakati ule. Shingo ya trela yenye tani moja na nusu haitakiwi kunyanyuliwa kirahisi. Ikinyanyuka kirahisi, usifurahi. Iteremshe, uweke kabari kwenye tairi, uanze kufungua makabati. Bibi hakujua hesabu hii ya uzito na umbali kutoka ekseli, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitazama, na alikumbuka jeki. Mtu asiyeshughulika na upakiaji mara nyingi ndiye anayeona kilichobadilika, na ningependa kila familia imsikilize mtu huyo kabla ya injini kuwashwa.

Tairi za gari na saa ya kuondoka

Kuna mambo mawili zaidi yaliyotokana na ufuko. Ili kupita kwenye mchanga bila kukwama, baba alikuwa amepunguza upepo wa tairi za nyuma za gari kutoka psi 36 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) hadi 22. Hiyo ni mbinu sahihi: tairi yenye upepo mdogo hutanda na haichimbi. Walipofika lami alijaza kwa pampu ndogo inayotumia umeme wa gari, lakini pampu ikawa ya moto, watoto wakawa wanalalamika, akaishia psi 28. Tairi laini za nyuma hulifanya gari lenyewe linalovuta liyumbe. Trela inapolivuta gari upande, kinacholishikilia gari ni ubavu wa tairi zake za nyuma, na ubavu ule ulikuwa umelegea. Tena uzito wa shingo uliopungua uliziondolea tairi hizohizo mzigo wa kuzikandamiza barabarani.

Jambo la pili ni saa. Wakati wa kwenda walisafiri asubuhi. Wakati wa kurudi walisubiri vitu vikauke na watoto waoge ziwani mara ya mwisho, wakaondoka alasiri. Mchana wa jua, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi. Upepo huo huimarika kadiri mchana unavyosonga. Kwa hiyo walichagua, bila kukusudia, saa ambayo barabara ya kando ya ziwa hupigwa na upepo wa ubavuni kuliko saa nyingine, na trela ya kulala ina ubavu mpana kama ukuta.

Sekunde zile

Barabara ilitoka kwenye miti, ikaingia mteremko ulio wazi upande wa ziwa. Upepo uliisukuma trela kidogo. Basi likaja kupita. Gari kubwa linapopita, hewa inayosukumwa na uso wake hufika kwanza nyuma ya trela na kuipeleka nje, kisha basi linapoendelea mbele hali hubadilika na trela huvutwa kulielekea. Sukuma, vuta: hicho ndicho kichocheo ambacho trela isiyo na uzito wa kutosha wa shingo haikistahimili.

Trela yoyote inayovutwa ikisukumwa ubavuni huyumba kidogo kisha hutulia. Kinachoituliza ni msuguano wa tairi zake na mpangilio wa uzito wake. Tatizo ni kwamba uwezo huo wa kutulia hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka. Kila mchanganyiko wa gari na trela una mwendo wake wa hatari: chini ya huo, kila yumbo ni dogo kuliko lililotangulia, juu yake, kila yumbo ni kubwa kuliko lililotangulia, hata kama upepo umekwisha na basi limeshapotea. Kupunguza uzito wa shingo hushusha mwendo huo wa hatari. Kuweka mzigo kwenye ncha hufanya vivyo hivyo.

Kuhusu mzigo wa kwenye ncha, hesabu yake inashangaza. Ugumu wa kuuzuia mzigo usizunguke huongezeka kwa mraba wa umbali wake. Baiskeli na turubai, kilo 40, zikiwa nusu mita kutoka ekseli zina kiasi fulani cha ukaidi. Ukizisogeza mpaka mita mbili na nusu, umbali umeongezeka mara 5, na ukaidi umeongezeka mara 25. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walijaribu trela maalumu ambayo sifa zake zinaweza kubadilishwa moja baada ya nyingine, na wakaona kuwa mgawanyo wa uzito, ukaidi huo wa kuzunguka na nafasi ya ekseli viliathiri sana utulivu kwenye mwendo mkubwa, ilhali uzito wa trela peke yake haukuwa na athari kubwa kiasi hicho. Ninalitaja kwa sababu mazungumzo ya watu wengi wanaovuta trela huishia kwenye kilo ngapi, bila kuuliza kilo hizo ziko wapi.

Kwa hiyo, kwa mwendo wa 95 siku ya kwenda familia hii ilikuwa chini ya mwendo wake wa hatari. Kwa 95 ileile siku ya kurudi ilikuwa juu yake. Kibao cha mwendo kilisoma sawasawa, lakini trela iliyovutwa haikuwa ile.

Yumbo la kwanza baba alilijibu kwa usukani, akiukatia upande wa pili. Yumbo la pili likaja kubwa. Akakata tena. La tatu likavuka mstari. Yumbo la trela huchukua sekunde moja au mbili hivi, na mkono wa binadamu huchelewa kidogo kuliko anavyodhani. Marekebisho yaliyokusudiwa kwa yumbo hili hufika wakati linalofuata limeshaanza, na hapo dereva anakuwa kama mtu anayesukuma bembea kila inapomrudia: anaongeza asichotaka.

Mama alisema kwa sauti ya kawaida, "Baba, achia mafuta." Akaachia. Akashika usukani ukiwa umenyooka, bila kupambana. Hakukanyaga breki. Kwa kuwa ulikuwa mteremko, mwendo ulipungua polepole mno, na zile sekunde zilikuwa ndefu kwa kila aliyekuwemo, lakini ulipofika karibu 70 mayumbo yakaanza kupungua yenyewe, kisha yakaisha.

Alifanya mengi sahihi. Kukanyaga breki za gari kwa nguvu kwenye mteremko kungeifanya trela iliyokaa upande ilisukume gari kwa nyuma, na hapo ndipo vyombo viwili hujikunja. Kuna wanaoshauri kukanyaga mafuta ili kuinyoosha trela. Siungi mkono ushauri huo hata kidogo: unaongeza mwendo wakati mwendo ndio unaolisha tatizo, na mteremko ukikuishia huna tena pa kwenda.

Kuna kimoja ambacho hakukifanya. Trela hii ina breki za umeme, na ndani ya gari, karibu na goti la dereva, kuna kidhibiti chenye kitufe cha kufunga breki za trela peke yake. Kingetumika, trela ingejivuta nyuma na kunyooka ndani ya muda mfupi. Hakukumbuka kipo. Sishangai. Mkono haukumbuki wakati wa hofu jambo ambalo haujalizoea wakati wa utulivu. Kitufe hicho kinapaswa kujaribiwa kila unapoondoka, kwa mwendo wa pole, mpaka mkono uende wenyewe. Wenye trela za breki zinazojifunga kwa msukumo, zilizozoeleka Ulaya, hawana kitufe hicho. Kwao kilichobaki ni kuachia mafuta na kuwa na mwendo mdogo tangu mwanzo.

Niongeze jambo moja ambalo halimo kwenye hesabu. Kabla ya kuondoka, mtoto mdogo alikuwa amelala, na wazo lilitolewa kwamba abaki kitandani ndani ya trela pamoja na bibi mpaka watakapofika. Mama alikataa, akamtoa na kumfunga kwenye kiti chake garini. Uingereza sheria inakataza mtu kubebwa ndani ya trela ya kulala inayotembea, na hata pasipo na sheria hiyo, kisa hiki kinatosha kuonyesha kwa nini. Sioni uamuzi wa siku ile ulio bora kuliko huo.

Kipi kilikuwa chanzo, kipi kilikuwa kichocheo

Nimejaribu kuondoa kila sababu moja baada ya nyingine na kuuliza kama yumbo lingekua.

Ondoa basi. Upepo ungebaki, na baada ya upepo kungekuja lori, au shimo, au kona iliyokatwa ghafla. Ondoa upepo, basi lingebaki. Hivi vilianzisha yumbo la kwanza, lakini yumbo la kwanza si hatari. Hatari ni yumbo la pili kuwa kubwa kuliko la kwanza, na hilo basi halikulifanya.

Rudisha mzigo ulivyokuwa siku ya kwenda, uache basi, upepo na tairi laini. Trela ingetikisika na kutulia, na mazungumzo ndani ya gari pengine yasingekatika. Au uache mzigo ulivyo, ushushe mwendo mpaka 75. Hapo pia, kwa kuwa mayumbo yalianza kufa karibu na 70, nafasi kubwa ni kwamba yangekufa mapema. Tairi naziweka nafasi ya tatu: peke yake psi 28 isingefanya haya, ila ilipunguza akiba ya utulivu iliyokuwa imeshabaki kidogo.

Baba hakuridhika mwanzoni. Alisema alikwenda mwendo uleule na hakuvunja kikomo chochote. Ni kweli. Lakini kikomo kilichoandikwa kwenye kibao cha barabarani hakijui tenki lako limejaa au la.

Walichofanya pembeni mwa barabara

Hapa familia ilifanya kazi nzuri, na napenda ielezwe kwa kirefu kidogo. Walisimama mahali palipo tambarare, mbali na njia, wakaweka kabari kwenye tairi za trela kabla ya kugusa kitu. Watoto walikaa na bibi upande wa mbali na magari.

Walifungua tundu la tenki na kumwaga maji safi, yote 80. Shingo ikapata kilo 20, ikawa 55. Wakatoa baiskeli na turubai nyuma, wakaviingiza ndani na kuvilaza sakafuni juu ya ekseli, wakavifunga kwa kamba. Kilo 25 zikarudi, ikawa 80. Turubai liliilowesha sakafu. Sakafu hukauka. Kisanduku cha vifaa na vyuma vikarudi kwenye sanduku la mbele, kilo 45, ikawa 125.

Mama ndiye aliyekataa kuishia hapo. Trela sasa ilikuwa na kilo 1,480, na 125 ni asilimia 8 na nusu tu. Akatoa mabegi na matandiko yaliyokuwa chini ya kitanda cha nyuma, kilo 30, mita 2 nyuma ya ekseli, akayahamishia mita 2 mbele yake. Safari ya mita 4, na kutoka tufe mpaka ekseli ni mita 4: kilo 30 kamili zikaingia. Ikawa 155, sawa na asilimia 10 na nusu.

Walijuaje bila mizani ya magari? Walikuwa na mizani ndogo ya kujipimia mwili na ubao mnene. Njia yake ni hii: ncha moja ya ubao ikae juu ya tofali au jiwe imara, ncha nyingine juu ya mizani, ubao ukiwa umelala sawa. Shingo ya trela iteremshwe juu ya ubao, robo ya urefu kutoka upande wa tofali. Mizani itasoma robo ya uzito wa shingo, ukitoa kwanza nusu ya uzito wa ubao wenyewe. Kwao ilisoma kama 39, na 39 mara 4 ni 156. Trela iwe imelala usawa ule inaokuwa nao ikivutwa, kwa sababu shingo ikiinuliwa au kushushwa mno kipimo hubadilika.

Kisha tairi. Pampu ilikuwa imepoa. Wakajaza mpaka 36. Safari iliyobaki waliimaliza kwa kilomita 80 kwa saa, na upepo wa ziwani haukuwa umepungua. Trela haikuyumba.

Kilichobaki mezani

Baada ya kufika, baba alitaka kununua kifaa cha kuzuia kuyumba, kile cha chuma kinachofungwa kati ya shingo na gari na kufanya kazi kwa msuguano. Sina ubishi na kifaa hicho. Kinasaidia. Ila ningependa akifunge baada ya kuthibitisha mizigo kwa mizani, kwa sababu kifaa kikifungwa juu ya mpangilio mbaya kinaficha dalili za mapema, ile mitikisiko midogo kwenye kilomita 70 kwa saa ambayo ingemwambia dereva ashuke kwenye gari akaangalie. Kuna pia mifumo ya kielektroniki inayofunga breki yenyewe inapohisi yumbo, na hiyo naiona bora zaidi, lakini nayo inafanya kazi ndani ya mipaka ya tairi na uzito.

Tenki haliwezi kuhamishwa kwenye trela hii, lilijengewa pale. Wamekubaliana kwamba litajazwa mahali pa kufikia tu, na pasipo na bomba watabeba madumu kwenye sanduku la mbele. Umbali wa kila kabati kutoka kwenye ekseli wameuandika kwa rangi ndani ya mlango wake, kwa sentimita, mbele kwa alama ya kujumlisha na nyuma kwa alama ya kutoa. Mtoto mkubwa ndiye anayeijumlisha sasa kabla ya shingo kushushwa kwenye tufe, na jeki ina ubao wake wa mchanga uliofungwa pembeni yake.